Vidole vya Bela: Banda lililozaa wachoraji wa Lubumbashi

Le Hangar ni Kifaransa cha banda: paa, nguzo na sakafu ya kuwekea vitu. Ndilo jina lililobaki midomoni mwa watu kwa chuo cha uchoraji kilichofunguliwa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1946. Kwenye karatasi kilikuwa na jina refu la Kifaransa ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Chuo cha Sanaa ya Watu wa Kienyeji, jina linalonuka wino wa ofisi ya kikoloni. Banda likalimeza jina hilo lote. Hadi sasa wauza picha na waandishi wa historia ya sanaa husema tu kwamba kazi fulani ni "ya Hangar", na wenzao wanaelewa: ni picha ya Katanga, ya miaka ya mwisho ya 1940 au ya 1950, imejaa samaki, ndege, nyoka na swala, na hakuna kipande cha karatasi kilichoachwa kitupu.

Mwanzilishi wake alikuwa Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa mzaliwa wa Brest mwaka 1887, mwanamaji kabla hajawa mchoraji. Alipolifungua banda alikuwa anakaribia miaka 60. Mji aliouchagua ulikuwa na umri wa miaka 36 tu. Reli kutoka kusini iliufikia mwaka 1910, tanuru la kwanza la kampuni ya madini ya Union Minière likaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na kampuni ikavuta vibarua kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Watu hao walikutana kambini kila mmoja na lugha yake, wakaelewana kwa Kiswahili, wakakipinda kikawa chao. Kati ya mji wa Wazungu na mitaa ya Waafrika kama Kamalondo kiliachwa kipande cha ardhi tupu, na asubuhi boyi, yaani mtumishi wa nyumbani, alikivuka kwenda kazini, jioni akikivuka kurudi.

Boyi mmoja ndiye kiini cha habari hii. Jina lake Bela. Hakuwa Mluba, wala Mlunda, wala Mbemba. Alitoka kwa Wasara, kusini mwa Chad ya sasa, upande wa Fort-Archambault, mji ambao siku hizi unaitwa Sarh. Kutoka huko hadi Lubumbashi, hata kwa mstari ulionyooka kama wa ndege, ni zaidi ya kilomita 2,000. Alifika Katanga akiwa mtumishi wa Romain-Desfossés, na kabila lake likamganda kama jina la pili: Bela Sara. Kwa hiyo sanaa ambayo leo inaitwa ya Lubumbashi ilianzishwa na wageni wawili, Mfaransa na Msara, mmoja akiwa na banda na mwingine akiwa na funguo za jikoni. Wenyeji walifuata.

Habari ya mwanzo wake ni fupi, nayo hurudiwa vilevile kila anapotajwa. Bwana alikuwa akichora. Rangi zilisalia. Mtumishi akazichovya kwa vidole, akaanza kupaka. Bwana alipoona hakumkemea wala hakumpa somo. Alimpa karatasi.

Bela hakuchora kwa brashi. Brashi zilikuwepo, kwani wenzake waliokuja kukaa naye bandani walizitumia kila siku. Yeye alibaki na vidole vyake mwaka baada ya mwaka, hata alipokwisha kuwa mchoraji anayetafutwa na wanunuzi. Hilo linastahili kutazamwa polepole, maana waandishi wengi hulitaja kwa sentensi moja, kama mtu anayetaja kwamba fulani ni mtumiaji wa mkono wa kushoto, kisha wanaendelea na safari.

Brashi ina nywele, na nywele huvuta. Hutoa mstari wenye kichwa na mkia, na humruhusu mchoraji kukimbia. Kidole hakikimbii vizuri. Kidole hugonga. Kikigonga karatasi kikiwa na rangi nzito, rangi husukumwa pembeni, katikati hubaki utando mwembamba, na kandokando huinuka ukingo mdogo kama wa kisahani. Mguso wa kwanza hutoka mzito. Wa pili, kama kidole hakijachovywa tena, huwa mwepesi. Wa tatu huwa kivuli tu. Mtu anayechora hivyo lazima awe na hesabu kichwani: wapi aweke mguso mzito, wapi aache ile myepesi itawanyike, na lini arudi kwenye rangi. Tena ana faida ambayo mwenye brashi hana. Vidole ni kumi. Kidole cha shahada kinaweza kubeba nyeusi, cha kati nyeupe, cha pete kijani, vyote vikiwa tayari kwa wakati mmoja, bila kopo la maji na bila kitambaa. Ni kama mpiga marimba asiyehitaji kubadilisha fimbo.

Matokeo yake yanaonekana waziwazi. Majani ya Bela ni alama za vidole. Manyoya ya ndege ni alama za vidole. Mgongo wa mnyama una madoa, na kila doa ni mguso mmoja. Pale ambapo mchoraji mwingine angepaka anga kwa rangi moja akapumzika, Bela anaendelea kugonga, mguso juu ya mguso, mpaka nyuma ya swala na wawindaji panakuwa kama mvua ya rangi. Picha haina mbali wala karibu. Miti, wanyama na watu wamesimama kwenye ukuta mmoja wa madoa, na jicho halipewi mlango wa kuingilia ndani. Linabaki juu, likitembea. Mtazamaji akisogea hatua tatu nyuma anamwona mnyama. Akirudi karibu, mnyama anatoweka na unabaki mkono wa mtu.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya sanaa hulipita. Mikono ya boyi wa Elisabethville ilikuwa mikono ya kazi tangu kungali giza. Iliwasha jiko, ikaosha sahani, ikang'arisha viatu, ikapiga pasi. Mikono hiyohiyo jioni ilitiwa rangi. Je, Bela aliacha brashi kwa sababu vidole vilimtosha, au kwa sababu kile kilikuwa kitu cha kwanza maishani ambacho mikono yake ilifanya bila kuagizwa? Na upande wa pili wa swali unauma zaidi: je, kama siku moja angetaka brashi, bwana wake angefurahi? Wanunuzi walipenda kuambiwa kwamba huyu anachora kwa vidole. Mtu akishanunuliwa kwa sababu ya kidole, kidole kinakuwa ajira.

Desturi ya banda ilikuwa hii: mwalimu hafundishi. Romain-Desfossés hakuwapa wanafunzi wake sanamu za plasta wazinakili wala hakuwawekea mbele picha za mabwana wa Ulaya. Aliwahimiza watazame nyika, mito na wanyama, wakumbuke waliyoyaona utotoni, kisha kila mmoja atafute njia yake. Aliwazungumzia kama baba anavyozungumzia wanawe, na humo ndani mlikuwa na upendo wa kweli pamoja na dharau ya zama zake. Hofu yake kubwa ilikuwa kwamba Mwafrika akionyeshwa Ulaya ataiga, na akiiga atapotea. Hofu hiyo hakuwa nayo peke yake. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, alikuwa nayo. Pierre Lods alikuwa nayo alipofungua karakana ya Poto-Poto, Brazzaville, mwaka 1951, na baadaye Frank McEwen kule Salisbury. Wote walifungua mlango kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili wakalinda dirisha. Maana kukataza kuiga nako ni kufundisha. Mwanafunzi alijua haraka ni picha gani inamfanya mzee atabasamu.

Hata hivyo ndani ya uzio huo walipatikana watu wasiofanana, na hapo ndipo sifa ya banda inapostahili. Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa mwaka 1914, alikuwa na brashi nyembamba na subira ya mfuma mikeka. Alichora samaki wakipishana kati ya majani ya maji, ndege akilisha makinda, nyoka akinyemelea kiota, mamba akivizia. Kwa mbali ni pambo. Ukisogea, karibu kila kitu kinakula kitu kingine au kinakaribia kuliwa. Ardhi na maji yamejazwa nukta na vistari vilivyopangwa kwa nidhamu, magamba yakihesabika. Jina lake la ukali halikumfaa mtu mwenye mkono mtulivu kiasi hicho, labda liliwafaa wanyama wake.

Mwenze Kibwanga, aliyezaliwa mwaka 1925, alikuwa kinyume chake. Hakupenda nukta. Alijenga picha kwa vistari vifupi vilivyolala pamoja, upande huu kwa mnyama, upande ule kwa ardhi, rangi zikiwa za udongo, kutu na majivu. Mwili wa mwindaji wa Mwenze haukuzungushiwa mstari. Unatambulika kwa sababu vistari vimebadilisha mwelekeo, kama vile mfumo wa kitambaa unavyoonyesha ua bila kuongeza rangi. Ukiweka picha zao tatu ubavu kwa ubavu, mguso wa Bela, nukta ya Pilipili na kistari cha Mwenze, unaona watu watatu waliopewa tatizo moja, namna ya kujaza karatasi, na kila mmoja akalijibu kwa mkono wake. Wapo wengine waliopita bandani, wakiwemo Kayembe na Norbert Ilunga, lakini hao watatu ndio waliobeba jina.

Haitakuwa haki kusema kwamba uchoraji wa karatasi Katanga ulianza nao. Miaka 20 kabla, mwaka 1926, ofisa Mbelgiji aliyeitwa Georges Thiry alikutana huko Bukama na picha zilizopakwa kwenye kuta za nyumba. Aliyezipaka alikuwa Albert Lubaki, mchonga pembe za ndovu. Thiry aliwapa Lubaki na mkewe Antoinette karatasi na rangi za maji, na kazi zao zikasafirishwa kuonyeshwa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kisha mawasiliano yakakatika na majina yakazama kwa miongo. Ukuta haukumhitaji Thiry. Aliyekihitaji kibali chake alikuwa mnunuzi wa Brussels.

Romain-Desfossés alifariki mwaka 1954, na banda halikudumu baada yake. Wanafunzi waliunganishwa na chuo cha Beaux-Arts ambacho mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alikuwa amekifungua hapohapo mjini mwaka 1951. Huko kulikuwa na madarasa, masomo na ratiba. Pilipili na Mwenze wakawa walimu. Linahitaji kufikiriwa hilo: watu waliolelewa kwa imani kwamba sanaa haifundishwi wamesimama mbele ya darasa. Mwenze angeweza kumwonyesha kijana jinsi ya kulaza vistari, na wapo waliojifunza wakauza. Lakini kidole cha Bela kinafundishwaje? Mguso wa mtu ni kama sauti yake. Shule ya vidole haikuzaliwa.

Baada ya hapo historia ya nchi ilikwenda mbio. Uhuru wa Kongo Juni 1960, Katanga kujitenga siku 11 baadaye hadi Januari 1963, jina la Elisabethville kufutwa mwaka 1966 na Lubumbashi kushika mahali pake, Union Minière kutaifishwa na hatimaye kuwa Gécamines. Wazungu waliokuwa wakinunua picha za ndege na samaki walipungua, nao waliobeba walibeba. Picha nyingi za banda ziliondoka ndani ya masanduku ya watu waliokuwa wakihama, na hivi leo makusanyo makubwa yako Ubelgiji.

Mwaka 1965, katikati ya msukosuko huo, mjini kulitokea kijitabu kilichopigwa taipu ambacho kinamhusu Bela hata kama hakikumlenga yeye. Kilikusanywa na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, na jina lake ni la Kifaransa cha mtaani, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ni historia ya mji kama walivyoiona maboyi, kwa Kiswahili cha Katanga, tahajia ikifuata mdomo. Ndani yake mabwana wanatazamwa kutoka mlango wa jikoni: nani alikuwa mkali, nani alimpa mtu jina gani, mshahara ulikuwaje, chakula kilikuwaje. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha baadaye pamoja na maelezo. Kijitabu kinathibitisha kitu ambacho picha za banda peke yake haziwezi kuthibitisha, kwamba watumishi wa Elisabethville walikuwa na hukumu zao juu ya mabwana, na walikuwa na lugha ya kuzitolea. Bela aliishi katikati ya watu hao. Hukumu yake juu ya mzee wa Brest ilibaki kwenye vidole.

Fabian huyohuyo ndiye aliyempata mchoraji aliyekubali kusema. Miaka ya 1970 uchoraji wa Lubumbashi ulikuwa umehama kutoka bandani kwenda barabarani. Wachoraji vijana, wengine bila siku moja ya darasa, walichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kutembeza picha nyumba kwa nyumba. Wateja wao hawakuwa Wazungu tena. Walikuwa makarani, walimu na wafanyakazi wa Gécamines, ambao walitaka kitu cha kutundika sebuleni: mamba muntu, yule nguva mwenye nywele ndefu anayetoa utajiri kwa masharti, au Colonie Belge, askari akimchapa mfungwa viboko mbele ya ofisa Mzungu mwenye kofia. Picha ya aina hiyo ilikuwa na jina lake kamili la Kiswahili: ukumbusho. Si pambo. Mgeni akiingia, mwenye nyumba anainyooshea kidole, na mazungumzo yanaanza. Kwa miaka kadhaa jumba kubwa la maonyesho la Lubumbashi lilikuwa sebule elfu moja na moja, kila moja na msumari wake, kuanzia Katuba hadi mtaa ule ambao wageni wa Afrika Mashariki hucheka wakisikia unaitwa Kenya.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alikuwa mmoja wa wachoraji hao, ila alijiona mwanahistoria. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian picha zaidi ya 100 zinazosimulia Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, tangu mababu, kupitia Wareno, Wabelgiji, Lumumba na vita vya Katanga, hadi siku zake na hata siku zijazo. Alizileta kwa mafungu, akazipanga, akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili huku kinasa sauti kikizunguka. Mazungumzo hayo yalitoka kitabuni mwaka 1996. Ndani yake anabishana na muulizaji, anasahihisha, anajitetea kuwa kazi ya mchoraji ni kuwafanya watu wafikiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika. Kwake picha na maneno havikutenganishwa. Ukimsoma Tshibumba kisha ukarudi kwa Bela, ukimya wa Bela unazidi kuwa mzito.

Gécamines ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, sebule nazo zikaporomoka. Mfanyakazi asiye na mshahara hanunui ukumbusho. Kizazi kilichofuata kilikuta magofu ya viwanda, picha za kumbukumbu zilizooza kwenye makabati ya kampuni, na kamera. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alikata wachimbaji na vibarua kutoka kwenye picha za zamani za kikoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya leo. Mfululizo huo wa mwaka 2006 unaitwa Mémoire. Ukiutazama kwa jicho la Lubumbashi ni ukumbusho uleule, safari hii bila gunia la unga: watu wamerudishwa kusimama mbele ya vyuma vilivyowala.

Mwaka 2008 Baloji, mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha kikundi walichokiita Picha. Jina linaeleza mengi kuliko taarifa yoyote ya waandaaji. Miaka 62 kabla, chuo cha kwanza kilipewa jina rasmi la Kifaransa na jina la utani la Kifaransa, ingawa walioketi ndani walizungumza Kiswahili mchana kutwa. Picha ni neno ambalo muuza mkaa wa mtaa wa Kampemba hahitaji kutafsiriwa. Kikundi kilianza kuandaa mikutano ya kila baada ya miaka miwili, au mitatu wakati mwingine, ambayo sasa inajulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Picha kubwa na video zilitolewa nje, kwenye maeneo ya wazi ya mji, ili mtu anayekwenda sokoni azipite. Toleo la mwaka 2010 lilisimamiwa na Simon Njami, la 2013 na Elvira Dyangani Ose, ya 2015 na 2017 na Toma Muteba Luntumbue, la 2019 na Sandrine Colard.

Mudekereza baadaye aliongoza kituo cha pili, nacho kikachukua kitenzi cha Kiswahili: Waza. Wenye kituo hicho hawaanzi na ukuta wa kutundikia. Wanaanza na meza, watu wa mtaa, mafundi, wanafunzi, na swali. Ni njia ndefu, na mgeni anayefika akitarajia kuona picha zimepangwa ukutani anaweza kuondoka amekuta watu wakizungumza. Kikundi cha Picha nacho kiliingia tangu 2018 katika mradi wa On-Trade-Off, pamoja na wasanii wa Ubelgiji na kwingineko, kufuatilia madini ya lithiamu ya Manono, ambayo dunia inayataka kwa betri za magari ya umeme. Shaba ilijenga mji, kobalti ikautia presha, sasa lithiamu. Wachoraji wa banda waliambiwa watazame nyika. Hawa wa sasa wameamua wenyewe kutazama shimo.

Mjadala unaowagusa wote hawa haujaisha, nao una sura ya pesa. Banda lilitegemea mzee mmoja na wanunuzi wa Kizungu, likafa naye. Ukumbusho ulitegemea mishahara ya mgodini, ukafa nayo. Vituo vya leo vinategemea kwa sehemu kubwa mifuko ya Ulaya, yenye fomu zake, tarehe zake na maneno yake yanayopendwa mwaka huo. Nani sasa anatabasamu, na kwa picha gani? Waandaaji wa Lubumbashi wanaulizana hilo hadharani zaidi kuliko Romain-Desfossés alivyowahi kuulizwa.

Swali jingine liko pwani. Msomaji wa Dar es Salaam akionyeshwa picha ya Pilipili hukimbilia kusema ni Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuuza picha zake za rangi za kung'aa mwaka 1968 hivi, zaidi ya miaka 20 baada ya banda kufunguliwa. Wapo watafiti wanaosema kwamba picha za Wakongo zilikuwa zikiuzwa Dar es Salaam miaka hiyo na kwamba zilimfungua macho. Wengine wanalikataa hilo na kumrudisha kwenye kuta za nyumba za Wamakua, kwao kusini. Madoa hayana pasipoti, na hakuna aliyeandika nani alisimama mbele ya picha ya nani.

Mwaka 2015 taasisi ya Fondation Cartier ya Paris iliandaa maonyesho makubwa ya sanaa ya Kongo, Beauté Congo, yaliyoanzia mwaka 1926 kwa Lubaki na mchoraji Djilatendo na kufika hadi wasanii walio hai, Baloji akiwemo. Bela, Pilipili na Mwenze walipewa ukuta wao. Pilipili alikuwa amefariki mwaka 2007 na Mwenze mwaka 1999. Kazi za Bela zilitundikwa chini ya taa nyororo, nyuma ya kioo, mahali ambapo mtu wa Kamalondo angehitaji viza kufika. Nyingi ya kazi hizo hujulikana kwa maneno mawili tu ya Kifaransa, Sans titre, yaani hazina jina. Bela hakuulizwa, au aliulizwa na jibu halikuandikwa. Pembezoni mwa karatasi, mahali ambapo rangi imekaukia nzito kuliko kwingine, ukingo wa kila mguso bado umeinuka.